Nyumba Iliyoachwa Wazi Kabiria

Kabiria, Nairobi
6 Februari 2023

Kwa mwenye nyumba,

Mimi naitwa Mbithe Wambua. Nashona yunifomu za shule hapa Kabiria, na duka langu linatazamana na geti la nyumba yenu ya mawe, ile iliyobaki tupu tangu Mzee Sadiq afariki. Nambari ya simu iliyoandikwa ukutani haipatikani. Anwani hii nimeitoa kwenye bili ya maji ya zamani.

Tarehe 17 Januari, saa nane mchana, nilikuwa natoka kununua vifungo. Vijana watatu walitokea kwenye geti lenu. Mmoja alinikaba shingo kutoka nyuma, wakanivuta ndani. Nilishikilia chuma cha geti mpaka mmoja akanikanyaga vidole. Sebuleni hakuna dirisha hata moja, wameng'oa yote pamoja na fremu. Nilipiga nduru mara moja tu. Aliyekuwa na nondo alinipiga taya, na mimi mwenyewe nikasikia mfupa ukivunjika. Nikaanguka juu ya vigae vyenu, wakaendelea na mateke. Walichukua simu na mkoba. Pete ya ndoa ilipokataa kutoka, mmoja alisema, "Kata kidole, tuende."

Aliyeniokoa ni Kitheka, jirani yetu, fundi wa mawe. Aliona kiatu changu kimeanguka getini, akaingia peke yake na nyundo. Walitoroka kwa dirisha la nyuma. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, damu yangu ikimwagikia shati lake.

Sasa taya langu limefungwa kwa waya, wiki kumi na mbili. Sitafuni na siongei. Msichana wangu Kamene ananinywesha uji kwa mrija. Ndiyo maana nimeandika.

Sitaki pesa zenu. Nataka hiyo nyumba ifungwe. Zibeni milango na madirisha, wekeni ua, wekeni taa na mlinzi. Mimi si wa kwanza kuvutwa humo ndani, na nyumba ikikaa hivi sitakuwa wa mwisho.

Mbithe Wambua


Kibokoni, Mombasa
15 Februari 2023

Bi. Mbithe Wambua,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara mbili. Pole sana kwa yaliyokupata. Mwenyezi Mungu akuponye haraka.

Mimi ni Waridi, binti wa marehemu Mzee Sadiq. Ni mwalimu wa madrasa. Nyumba hiyo tumeachiwa watu wawili, mimi na kaka yangu Munir, na mwaka wa nne huu tuko mahakamani kwa ajili yake. Yeye anataka iuzwe. Mimi sitaki, kwa kuwa mama yetu alifia humo. Mawakili wetu wametushauri asiiguse yeyote, maana atakayetia hata kufuli mpya, mwenziwe atasema ameichukua. Kwa hivyo mikono yangu imefungwa.

Ningekwambia umwendee Munir, lakini sijui anaishi wapi siku hizi. Hatusemezani.

Nakuombea afya. Nakusihi pia uwaambie majirani wapite njia nyingine hadi kesi iishe.

Wako,
Waridi Sadiq


Kabiria
24 Februari 2023

Bi. Waridi,

Umesema tupite njia nyingine. Hapa hakuna njia nyingine. Kuna hii moja, inapita kwenye geti lenu mpaka kituo cha maji na shule.

Jumatatu wamemuua Ndanu. Ndanu alikuwa anauza mandazi, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Asubuhi watu waliona ndoo yake imepinduka kwenye majani ya uwanja wenu. Kitheka na wenzake wakaingia. Walimpata kwenye bafu, kichwa chini, leso yake imesokotwa na kuingizwa mdomoni. Walikuwa wamempiga mpaka mama yake akamtambua kwa miguu. Niliiona hiyo miguu ikitolewa, imetapakaa unga. Nilitaka kulia na waya haukuniruhusu kufungua mdomo. Jua kwamba kulia na meno yamefungwa ni kama kuzamishwa majini.

Kesho yake alikuja afisa wa kaunti anayeitwa Kisilu, akafunga geti kwa ile kufuli ya zamani iliyokuwa ikining'inia wazi, akabandika ilani hapo. Inasema mwenye nyumba ana siku ishirini na moja azibe kila mlango na kila dirisha, ajenge ua na aweke mlinzi, la sivyo atashtakiwa. Kitheka alimuuliza, "Na hizo siku ishirini na moja, wao watakuwa wamelala?" Kisilu akasema, "Bwana, mimi nabandika karatasi. Wa kuziba ni mwenyewe."

Kwa hivyo watu wamekubaliana wao kwa wao. Kila nyumba imeweka sufuria karibu na mlango. Ukiona mtu anaingia humo, piga sufuria, na wote tutoke. Polisi tumewangoja vya kutosha.

Usinipigie simu. Sina simu tangu siku hiyo, na hata ningekuwa nayo ningekujibu na nini? Nijibu kwa vitendo.

Mbithe


Kibokoni, Mombasa
6 Machi 2023

Dada Mbithe,

Sikulala siku mbili baada ya barua yako. Kwanza nikiri: nilikudanganya. Najua alipo Munir. Ana duka la manukato na kanzu hapo Nairobi katikati ya mji, hata saa moja haifiki kutoka kwenu. Nilificha kwa sababu niliona haya kumtafuta.

Sasa nimemtafuta. Nilimpigia simu, tukazungumza kwa upole, na ameridhia. Mambo ya mahakama yatangoja. Atakuja mwenyewe Alhamisi hii, tarehe 9, asubuhi, aifungue nyumba, apime milango na madirisha, kisha anunue mabati na mbao aanze kuziba siku hiyohiyo. Ufunguo wa geti anao tangu enzi za baba. Nimemwambia apite kwanza dukani kwako, ajitambulishe. Ni mtu mrefu, mwembamba, na hupenda kuvaa koti la kijivu. Tafadhali wajulishe majirani.

Naipeleka barua hii posta sasa hivi, ikufikie kabla yake.

Mola amrehemu Ndanu na ampe mama yake subira.

Dada yako,
Waridi


Kabiria
10 Machi 2023

Bi. Waridi,

Hujanijibu, lakini nakuandikia kwa sababu ni haki yako kujua. Nimempa Kamene hii barua aipeleke kwa ofisi ya basi, posta inachelewa.

Jana tumeshika mmoja wao.

Ilikuwa saa tano hivi. Nilikuwa nimefunga duka tangu asubuhi, nilienda kliniki kuangaliwa waya. Wakati wa kurudi, mtu alikuwa kwenye geti lenu anavunja kufuli kwa chuma. Mchana kweupe! Akaingia. Sufuria ikalia, na kabla hujahesabu kumi njia ilikuwa imejaa. Walimpata sebuleni anapima dirisha kwa hatua, kama mtu anayetafuta cha kung'oa.

Wakamtoa nje kwa kola. Alikuwa anasema ni nyumba ya kwao. Watu wakacheka. Kila mwizi aliyewahi kushikwa hapa alikuwa amekuja kwao. Mama yake Ndanu ndiye aliyempiga kwanza, kwa kiatu, halafu wengine wakaingia. Fimbo, mawe, mpini wa jembe. Mkono wake ulivunjika akiwa ameuinua kujikinga, ukabaki unaning'inia. Alijaribu kutambaa mpaka kwenye mtaro, wakamvuta miguu kumrudisha. Mtu mmoja alikuwa amefika na tairi. Polisi walitokea wakati anatafuta petroli, wakafyatua risasi hewani, wakamtupa huyo tuliyemshika nyuma ya gari lao. Sijui kama atapona.

Nilidhani moyo wangu utatulia, haukutulia. Miezi miwili nimekuwa nikilala na kuamka na sura za wale vijana watatu. Huyu sikumkumbuka. Ni mtu mzima. Kitheka anasema labda ndiye mkubwa wao.

Nimekula uji kidogo tu tangu jana. Lakini wamama wanapita njia hiyo leo bila kukimbia.

Mbithe


Nairobi
16 Machi 2023

Mbithe,

Barua yako ya basi nilikabidhiwa Jumatatu asubuhi. Niliisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwenye maneno "nyumba ya kwao" nilikaa chini.

Mtu huyo ni kaka yangu Munir.

Nilikuja Nairobi, nikamtafuta kituo cha polisi, nikaambiwa yuko hospitalini. Nilimkuta Jumanne kwenye wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho. Siku tano alikuwa hapo bila jina. Kwenye kadi waliandika "Mshukiwa wa wizi, mwanamume, asiyejulikana." Mguu wake ulikuwa umefungwa pingu kitandani, mguu wa mtu ambaye hawezi kugeuza hata shingo. Kitambulisho na simu viliibiwa na hao waliokuwa wakimpiga mwizi. Jicho la kushoto halipo. Fuvu limepasuka mahali pawili. Nilimtambua kwa kovu la kidevuni, alilopata akiwa mtoto.

Nilimwita. Hakuitika.

Ufunguo niliukuta mfukoni mwake, umepinda; ulimkatalia kwa kutu, ndiyo sababu akavunja kufuli ya baba yake mwenyewe. Dirisha alilipima kwa hatua kwa kuwa mimi nilimtuma apime. Je, hukuipata barua yangu? Hakuja dukani kwako?

Niambie nani alipiga hiyo sufuria. Niambie nani alipiga kichwa.

Waridi


Kabiria
19 Machi 2023

Dada Waridi,

Barua yako ya tarehe 6 ilifika tarehe 14. Kamene aliitoa posta akanisomea, na alipofika kwa koti la kijivu akaiweka barua chini. Koti hilo bado liko kwenye mtaro. Hakuna mtu anataka kuliokota.

Mwenye kibanda cha jirani ameniambia mtu mrefu alibisha dukani kwangu asubuhi hiyo, akangoja karibu saa nzima kwenye ngazi, kisha akavuka barabara.

Poleni. Walikuwa watu wengi, na watu wakiwa wengi ni vigumu kusema nani alifanya nini. Sufuria zililia kila mahali. Polisi wamekuja mara mbili, wote tumesema hatukuona.

Nawaombea.

Mbithe


Kibokoni, Mombasa
2 Aprili 2023

Mbithe,

Munir amefariki. Ijumaa, tarehe 24 Machi, siku za mwanzo za Ramadhani. Tulimzika jioni hiyohiyo. Waliomwosha walinikataza nisimtazame chini ya shingo.

Unasema poleni, kisha unasema ni vigumu kusema nani alifanya nini. Uliweza kuniandikia ni nani alianza kwa kiatu, ni mkono gani ulivunjika, ni wapi alitambaa. Ulikuwa karibu kiasi hicho. Sasa hukuona?

Mimi nitasema langu, ili usije ukasema nakudai ukweli nisioutoa. Nilikuandikia kwamba tulizungumza kwa upole. Si kweli. Miaka mitatu hatukuwa tumesemezana ila kupitia mawakili. Nilipompigia hata salamu sikumpa. Nilimwambia, "Mwanamke mgeni amevunjwa taya ndani ya nyumba ya baba, mwingine ameuawa bafuni kwa mama, na wewe umekaa unauza manukato. Kama wewe ni mwanamume, nenda." Akasema, "Waridi, mtaa ule sasa una hasira, tumtafute kwanza yule afisa wa kaunti twende naye." Nikamwambia ni mwoga tangu utotoni. Akakata simu. Kesho yake alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Naenda Alhamisi."

Mimi ndimi niliyempeleka. Usiku na mchana najiuliza alikuwa ananilaani alipokuwa chini. Wewe ulikuwepo. Niambie alisema nini; mkewe pia ananiuliza.

Waridi


Kabiria
21 Aprili 2023

Dada Waridi,

Waya umetolewa. Neno la kwanza nililosema kwa sauti yangu baada ya miezi mitatu, nililisema kituo cha polisi: "Ni mimi."

Aliyepiga sufuria ni mimi. Nilimwona mgongo tu, na chuma mkononi, na mwili wangu ukarudi ndani ya ile sebule. Nilipiga mpaka sufuria ikabonyea. Zile zingine ziliitikia yangu.

Aliyempiga kichwa ni Kitheka. Alitumia jiwe la kujengea, aliinua kwa mikono miwili, mara mbili. Ni Kitheka yuleyule aliyenibeba mgongoni. Ndiyo sababu nilisema sikuona. Nilihesabu deni langu kwake, nikaona maisha ya mtu nisiyemjua hayalifikii. Nimesema uchafu huo jinsi ulivyo, sijui njia ya kuusafisha.

Polisi wamenifanya shahidi, na Kitheka walimkamata Jumanne. Alipoingizwa garini hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mama Kamene, hata wewe?" Jioni yake walivunja kioo cha duka, na mtu akaandika "msaliti" kwenye mlango kwa rangi nyekundu. Kamene alipigwa jiwe la bega akitoka shule. Nimempeleka kwa dada yangu anayeishi Woodley. Mimi nimebaki.

Sasa hili uliloniuliza. Munir hakukulaani.

Kwanza alisema, "Mimi ni mtoto wa Mzee Sadiq." Walipocheka akasema, "Mpigieni dada yangu. Anaitwa Waridi. Atawaambia." Halafu akaanza kutaja nambari. Tayari alikuwa amevunjika mkono. Aliitaja yote, akarudia tangu mwanzo, tarakimu moja moja, kama mwalimu anayesomea watoto imla. Waliomchukua picha kwa simu walikuwa saba au wanane. Hakuna aliyeipiga hiyo nambari. Aliirudia mara nne. Mara ya nne meno yalikuwa yametoka, lakini nilikuwa nimeshaielewa.

Na si kuielewa tu. Nilikuwa na chaki ya kushonea mfukoni. Niliiandika kwenye aproni yangu ya kazi, niliyokuwa nimekwenda nayo kliniki, hapa tumboni, tarakimu zote kumi. Sikuweza kuongea, lakini ningeweza kumvuta yeyote mwenye simu shati na kumwonyesha. Nilisimama nayo. Nilijiambia wezi wote wana dada. Kisha Kitheka akainua jiwe.

Aproni sikuifua. Polisi wameichukua kama ushahidi. Nimeinakili hiyo nambari nyuma ya karatasi hii, uitazame mwenyewe.

Mbithe


Kibokoni, Mombasa
5 Mei 2023

Mbithe,

Nambari ni yangu.

Nilipokosana naye alifuta nambari yangu kwenye simu yake, mbele ya macho yangu, sebuleni kwa shangazi, akaniambia hatanihitaji tena. Nilipompigia mwezi wa tatu aliuliza, "Nani mwenzangu?" Nikaudhika kwa hilo, na mengi niliyomwambia nilimwambia kwa sababu ya hilo. Kumbe alikuwa nayo kichwani muda wote. Nimemsomea mkewe barua yako. Alilia, kisha akaniomba karatasi ile akalale nayo.

Wiki iliyopita nilikuja Kabiria na mafundi sita. Ulikuwa dukani, nilikuona kwa dirisha lililovunjika, na nadhani uliniona. Sikuja. Tumeziba kila mlango na kila dirisha kwa mawe, tumejenga ukuta, na kuna mlinzi mchana na usiku. Kisilu alisimama akaandika kwenye daftari lake kwamba ilani imetekelezwa. Nilimuuliza, "Tumechelewa siku ngapi?" Alihesabu kwa vidole, kisha akafunga daftari.

Sijakusamehe. Usiniandikie kuniomba, maana sijui kama siku hiyo itafika, na sitaki kukudanganya tena. Kitheka pia sijamsamehe, ingawa naambiwa ana watoto wanne na mama mgonjwa.

Kesi ya Kitheka itasikizwa tarehe 14 Juni. Wakili wake atasema ulikuwa na hofu, kulikuwa na kelele, hukusikia vizuri. Atataka kuwaonyesha watu kwamba Munir hakujitetea, kwamba hata hakusema ni nani. Ukiulizwa alisema nini, usifupishe. Itaje nambari yote, polepole, kama alivyoitaja, mara nne.

Nitakuwa nimekaa safu ya mbele, na simu yangu itakuwa mkononi.

Waridi Sadiq